Ngazi ndani ya gunia: kisa cha programu ya mizani ya mwani

Programu yenyewe haina makuu. Mzani wa kidijitali unapima kiroba cha mwani mkavu, waya unapeleka uzito kwenye laptopu, karani anachagua jina la mkulima na aina ya mwani, spinosamu au kotonii, programu inazidisha kwa bei ya siku, risiti inatoka. Jioni mtandao ukipatikana, hesabu zinapanda kwenye seva ya kampuni iliyopo Chake Chake. Aliyewahi kusimama kwenye kituo cha kununulia mwani huko Tumbe au Micheweni, kinamama wamepanga viroba vyao wakingoja kupimiwa, hahitaji kuambiwa kwa nini kitu kama hiki kinatakiwa. Daftari la mkono linagombanisha watu.

Aliyeitengeneza ni kijana wa Chake, fundi wa kujitegemea. Mteja wa kwanza alikuwa mnunuzi wa mwani wa hapohapo Pemba, mtu mzima ambaye fundi humwita Ami. Waliandikiana mkataba mfupi wenye kifungu kimoja kikali: programu ni siri ya fundi, mnunuzi haruhusiwi kuifumua aone ilivyoundwa, kuinakili wala kumpa mtu mwingine. Mteja wa pili alitoka Unguja, upande wa Paje, naye akapewa nakala kwa flashi na mkataba uleule. Wa tatu ni kampuni ya Tanga, na hii ilikuwa na mkopeshaji nyuma yake. Mkopeshaji hakuuliza programu inafanya nini. Alitaka karatasi moja tu: orodha ya laibrari zote zilizomo ndani (vipande vya msimbo vilivyoandikwa na watu wengine) na leseni ya kila moja.

Fundi akaiandika kwa nusu saa, bila wasiwasi. Python, lugha aliyoandikia, leseni yake haina masharti mazito. Pyserial ya kusomea mzani, BSD, leseni nyingine nyepesi. SQLite ya kuhifadhia hesabu pale kituoni, hiyo wenyewe wameiachia umma moja kwa moja. ReportLab ya risiti, BSD. Kisha mistari miwili ya mwisho: PyQt5 ya kuchorea madirisha na vitufe, GPL toleo la 3, na mysql-connector ya kupandishia hesabu kwenye seva, GPL toleo la 2. GPL ni leseni inayokuruhusu kutumia na kugawa kazi ya mtu, mradi unachokijenga juu yake na kukigawa nacho kiwe chini ya GPL na msimbo wake utolewe. Mwanasheria wa mkopeshaji akaizungushia duara mistari hiyo miwili na biashara ikasimama.

Utetezi wa fundi nauweka hapa kwa maneno yake, kwa sababu ni utetezi wa mafundi wengi na si wa kijinga (ku-import ni kuiita laibrari kwa mstari mmoja ili programu yako iitumie). "Sijabadilisha hata herufi moja ya PyQt. Nime-import tu. Mimi nimekodi ngazi nikapandia mkarafuu, sasa mwenye ngazi anataka karafuu zangu?"

Ami naye alikuwa na lake: "Mwanangu, mimi nimekulipa kitu. Leo naambiwa kina wenyewe Ulaya?"

Tuanze na fundi. Hoja yake inagusa swali ambalo wanasheria wa programu wamelibishania tangu GPL ya kwanza ilipotoka mwaka 1989: programu ikiunganishwa na laibrari, je, inakuwa kazi iliyotokana na laibrari hiyo, yaani inayohitaji ruhusa ya mwenye laibrari? Hakimiliki inalinda namna kitu kilivyoandikwa, haikilindi kile kinachofanywa. Ukitafsiri riwaya umechukua maandishi ya mwenzako. Ukiandika `from PyQt5.QtWidgets import QMainWindow` umechukua nini? Majina mawili matatu. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema mwaka 2012, katika shauri la SAS Institute dhidi ya World Programming, kwamba utendaji wa programu, lugha yake ya kuandikia na miundo ya faili zake za data si kitu kinacholindwa kama maandishi ya programu. Mahakama Kuu kabisa ya Marekani nayo, mwaka 2021, iliona kwamba Google kunakili takriban mistari 11,500 ya lugha ya programu ya Java, ile inayotangaza majina ya kazi zake, ni matumizi ya haki, ingawa ilikwepa kusema kama mistari hiyo inalindwa au la. Kwa mkondo huo fundi ana pa kusimama.

Upande wa pili wapo Free Software Foundation (FSF), shirika la programu huria, walioiandika leseni yenyewe. Kwao, kuunganisha ni kuunganisha, iwe laibrari imemezwa ndani ya programu wakati wa kujengwa au inaitwa wakati programu inaendeshwa: vyote ni kitu kimoja na kitu hicho chote kinaingia GPL. Wanakwenda mbali zaidi kwa darasa linalorithi darasa jingine (kipande cha msimbo kinachojengwa juu ya kipande kingine), wanasema hiyo ni kazi iliyotokana. Na faili kuu ya kijana huyu ina mstari usemao `class DirishaLaMizani(QMainWindow)`, yaani dirisha lake limerithi lile la PyQt. Msimamo wao si wa makaratasi tu. Mwaka 1992 Bruno Haible alikuwa akisambaza CLISP, programu ya kuendeshea lugha ya Lisp, kwa masharti yake mwenyewe pamoja na faili za kuiunganisha na Readline, laibrari ndogo ya GPL ya kuhariri mstari unaoandika. Richard Stallman, mwanzilishi wa FSF, alimwandikia, wakabishana, na mwisho Haible akaiweka CLISP yote chini ya GPL. Hapakuwa na hakimu. Ndiyo maana kisa hicho kinatajwa sana lakini hakithibitishi sheria, kinaonyesha tu mtu alichoamua.

Toleo la 3 la GPL, la Juni 2007, lilifanya jambo ambalo wengi hawalioni. Halikutunga maana yake lenyewe ya kazi iliyotokana. Linasema kubadilisha ni kunakili au kugeuza kazi "kwa namna inayohitaji ruhusa ya hakimiliki". Yaani swali limerudishwa kwa sheria ya mahali ulipo. Na mahali hapa pana mbili. Hakimiliki si jambo la Muungano: Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki Namba 14 ya 2003, na COSOZA, chombo chake cha kusimamia hakimiliki; Tanzania Bara ina Sheria Namba 7 ya 1999 na COSOTA yake. Nakala iliyouzwa Paje iko chini ya ile ya kwanza, itakayouzwa Tanga iko chini ya ile ya pili. Mwenye PyQt ni mgeni, lakini Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne, makubaliano ya nchi nyingi ya kulindiana hakimiliki, tangu 1994, kwa hiyo ugeni wake haumpunguzii kitu.

Basi tungebaki hapo, fundi na wanasheria wakivutana juu ya mstari wa import mpaka asubuhi. Nilichomwomba ni kitu kingine kabisa: atoe flashi aliyompa mteja wa Paje, aichomeke, afungue folda.

Ndani mna faili ya kuendeshea, `mizani.exe`. Pembeni yake mna folda iitwayo PyQt5. Ukiifungua unakuta `QtCore.pyd`, `QtGui.pyd`, `QtWidgets.pyd`, na chini zaidi `Qt5Core.dll` na ndugu zake. Hizi si faili za fundi. Ni PyQt yenyewe, nzima, na Qt yake, laibrari ya msingi ambayo PyQt imejengwa juu yake, zilizofungashwa na PyInstaller, programu ya kufungashia kazi za Python, ili karani asihangaike kusakinisha chochote. (PyInstaller nayo ni ya GPL, lakini waandishi wake wameweka ruhusa maalumu kwamba unachokifungasha nayo ni chako kwa masharti yako. Laiti kila mtu angeandika sentensi hiyo.)

Hapo hoja ya ngazi inaanguka. Aliyekodi ngazi akapandia, akashuka na kuirudisha, hana deni la karafuu. Huyu ngazi ameitia ndani ya gunia akaipeleka Unguja pamoja na karafuu. Kunakili na kusambaza kazi ya mtu ndiyo haki ya kwanza kabisa ya mwenye hakimiliki, popote duniani, hata kama hujagusa herufi. Ruhusa pekee aliyonayo fundi ya kufanya hivyo ni GPL, na GPL inatoa ruhusa kwa masharti. Hatuhitaji tena kujua kama import ni kurithi maandishi au la. Tunahitaji kujua masharti ya kusafirisha faili zile yanasemaje kuhusu kitu zilichosafiri nacho.

Yanasema hivi. Ukitoa programu iliyokwisha kujengwa, utoe na msimbo chanzo wake (maandishi ya mtengenezaji kabla ya kujengwa), kifungu cha 6. Kazi iliyojengwa juu ya programu ya GPL iwe chini ya GPL yote kwa ujumla wake, kifungu cha 5. Kuna mlango wa kutokea: mkusanyiko wa programu mbalimbali kwenye chombo kimoja hauambukizwi, ndiyo maana CD ya Linux inaweza kubeba vitu vya leseni kumi tofauti. Lakini mlango huo ni kwa vitu vinavyojitegemea ambavyo havikuunganishwa ili kuunda programu moja kubwa. Ukiifuta folda ya PyQt5 kwenye flashi ile, `mizani.exe` haifunguki. Sidhani yupo atakayesimama mbele ya hakimu aseme hivyo ni vitu viwili vilivyopanda gari moja kwa bahati.

Sisemi kwamba angeshindwa kwa hakika. Nasema angekuwa anatetea mahali pabaya. Kama angempa mteja faili zake za `.py` peke yake na kumwambia asakinishe PyQt mwenyewe kutoka mtandaoni, hapo ndipo mjadala wa import ungekuwa mjadala wa kweli, na mimi binafsi ningeegemea kwake zaidi kuliko kwa FSF. Ila hakuna karani wa Tumbe atakayesakinisha PyQt kwenye kituo kisicho na mtandao.

Kuhusu mahakama, anayedhani leseni hizi ni nasaha tu asome shauri la Entr'Ouvert na Orange huko Ufaransa. Entr'Ouvert ni kampuni ndogo iliyotengeneza laibrari ya utambulisho iitwayo Lasso, ikaitoa kwa GPL toleo la 2, na anayetaka kufunga msimbo wake anunue leseni ya biashara. Orange iliiunganisha Lasso na jukwaa lake kwa ajili ya tovuti ya huduma za serikali. Kesi ilifunguliwa 2011. Mahakama za chini zilisema huu ni ugomvi wa mkataba, Mahakama ya Juu ya Ufaransa ikatengua mwaka 2022, na Februari 2024 Mahakama ya Rufaa ya Paris ikaitia Orange hatiani kwa kuvunja hakimiliki: yuro 500,000 za hasara, 150,000 za faida iliyopatikana, na 150,000 nyingine za haki ya kimaadili. Miaka kumi na mitatu kwa laibrari moja.

Sasa nani hasa alipokea nakala? Hili lilimgusa Ami kuliko alivyotaraji. GPL haimbani anayetumia, inambana anayetoa. Ami kuiweka programu kwenye laptopu za kampuni yake mwenyewe, zinazotumiwa na makarani anaowalipa mshahara, si kutoa. Hata angezijaza kisiwa kizima. Lakini baadhi ya vituo vyake haviendeshwi na makarani. Vinaendeshwa na mawakala wa kijijini, watu wanaojitegemea, wananunua kwa fedha zao na kumuuzia yeye kwa kamisheni, na laptopu ni zao. Huko alikuwa ametoa nakala. Yeye naye, bila kujua, akawa msambazaji mwenye wajibu uleule, huku akiwa amevunja mkataba wake na fundi uliomkataza kunakili. Fundi alipolisikia hilo alikasirika, kisha akakumbuka kwamba kifungu hicho cha mkataba hakina miguu: GPL kifungu cha 10 inakataza kuongeza vikwazo juu ya haki alizopewa mpokeaji, na cha 12 kinasema wazi kwamba ukiwa na ahadi nyingine inayogongana na leseni, basi usitoe kabisa.

Wasiwasi mkubwa wa fundi ulikuwa huu: je, programu yangu tayari imekuwa ya GPL, nipende nisipende? Hapana. Hofu hii imeenea na imewafaidi wauza leseni za biashara zaidi ya mtu mwingine yeyote. Leseni haiwezi kukunyang'anya hakimiliki yako. Ukikiuka, unakuwa mtu anayesambaza kazi ya mwenzake bila ruhusa, na dawa zake ni zile za kila siku za hakimiliki: kuamriwa kuacha na kulipa. Kufungua msimbo ni njia mojawapo ya kujitoa matatani, na ni wewe unayeichagua au kuiacha.

Na njia za kujitoa zipo. Toleo la 3 lina upole ambao toleo la 2 la mwaka 1991 halina. Chini ya toleo la 2 ukikiuka haki zako zinakatika papo hapo. Chini ya la 3, ukiacha kukiuka, haki zinarudi kwa muda, na mwenye kazi asipokujulisha ndani ya siku 60 tangu ulipoacha, zinarudi moja kwa moja. Akikujulisha na ikawa ndiyo mara yako ya kwanza kwake, una siku 30 za kurekebisha.

Kwa nakala za mbele, dawa ilikuwa ya kiufundi na wala haikuwa chungu. Qt yenyewe inapatikana kwa LGPL, ndugu mpole wa GPL anayekubali laibrari itumiwe na programu ya siri, tangu 2009, ilipokuwa mikononi mwa Nokia. PyQt ni ya kampuni nyingine, Riverbank Computing, ambayo ilibaki na GPL au leseni ya biashara. Nokia ilitaka njia ya LGPL kwa watu wa Python, hawakuelewana, ikaanzisha PySide mwaka huohuo. Kwa hiyo zipo laibrari mbili zinazofanya karibu kazi ileile, moja ukiifungasha na programu ya siri unakosea, nyingine inakubali. Kubadilisha ni kupita faili baada ya faili: `pyqtSignal` inakuwa `Signal`, `pyqtSlot` inakuwa `Slot`, na mambo mengine madogo. Kilichomsumbua zaidi ni Windows 7. Vituo viwili vya Ami bado vina laptopu za zamani, na Qt 6 inataka Windows 10 kwenda juu. Akabaki na PySide2, toleo la PySide linalotumia Qt 5, na Python 3.8, toleo la mwisho linalokubali Windows 7. Mysql-connector akaibadilisha na PyMySQL, leseni nyepesi ya MIT, mistari michache.

Lakini LGPL nayo si ruhusa tupu, na hapa watu wengi hufunga faili wakaenda kulala. Inadai mpokeaji aweze kuitoa laibrari na kuweka toleo lake alilolibadilisha. PyInstaller ina namna mbili za kufungasha: folda yenye faili nyingi, au faili moja iliyomeza kila kitu. Fundi alikuwa anahamia kwenye faili moja kwa sababu inapendeza kwa mteja. Nilimshauri abaki na folda, kwa kuwa hapo mtu anaweza kubadilisha `Qt5Core.dll` kwa mkono wake. Pia kifungu cha mkataba kinachokataza kufumua kilibidi kitoboke: LGPL inamruhusu mteja kufumua kwa ajili ya kurekebisha hitilafu za mabadiliko yake kwenye laibrari. Na maandishi ya leseni zote mbili, LGPL na GPL, yaende ndani ya folda.

Kwa nakala za nyuma palikuwa na njia mbili. Kununua leseni ya biashara ya PyQt, ambayo hulipwa kwa kila mtengenezaji, na kuwaandikia Riverbank kuhusu nakala zilizokwisha toka. Au kuitangaza ile toleo la zamani kuwa GPL 3 na kuwapa wateja wawili msimbo wake. Fundi aliogopa ya pili, akidhani ni kuumwaga msimbo mtandaoni. Si hivyo. Wajibu ni kwa waliopokea nakala tu, hakuna anayekulazimisha kuuweka hadharani, ingawa wao wakitaka kuugawa huwezi kuwazuia. Na njia hiyo ilikuwa na faida ya ziada. Mysql-connector ina ruhusa ya pembeni ya kuunganishwa na programu zilizo chini ya leseni nyingine huria, GPL 3 ikiwemo. Toleo la zamani likishakuwa GPL 3, kosa la pili linarekebishika pamoja na la kwanza kwa barua moja.

Alichagua hiyo. Akachoma flashi mbili: msimbo wake, msimbo wa PyQt5 toleo lilelile alilofungashia, maandishi ya leseni, na barua inayofuta kifungu cha siri kwa toleo lile. Ami alipewa flashi yake na maelezo kwamba mawakala wake nao wana haki ya kuomba.

Kampuni ya Tanga ilisaini toleo jipya, orodha ya laibrari imebandikwa kama kiambatisho, na fundi akatakiwa kuitia saini upya kila anapotoa marekebisho. Mteja wa Paje hakujibu barua. Ami ndiye aliyeitumia: alimpa flashi fundi mwingine wa Wete amwongezee safu ya unyevu wa mwani kwenye risiti, jambo ambalo fundi wa kwanza alikuwa amelipangia bei ya juu. Kijana alinuna, akauliza kama anaweza kumzuia. Hawezi. Akashusha bei ya kazi hiyohiyo kwenye toleo jipya.